Timu Iliyopanga Nyumba ya Baba

Nyumba kubwa aliyoijenga marehemu baba pale Shangani, Mtwara, ilikuwa imekaa tupu muda mrefu siku alipokuja katibu wa timu kuiulizia. Mimi na mama tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ndogo ya uani, yenye vyumba viwili na kibaraza nilichoweka cherehani yangu. Ile kubwa tulizoea kuipangisha kwa watu wa ofisi, waliokuja mjini kwa ajili ya mambo ya gesi na kuondoka bila kuaga. Katibu alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya upole na simu mbili mkononi. Alizunguka vyumbani, akafungua mabomba, akasema wachezaji wake wangekaa vizuri hapa, karibu na upepo.

Mama akamuuliza, "Wachezaji wa nini?"

"Wa mpira, Mama. Timu yetu ya mkoa. Tumepanda ligi kuu."

"Wao hawana kwao?"

Katibu akacheka, akidhani ni utani. Lakini mama alikuwa anauliza kweli. Alikulia kijijini Ziwani, kwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, akaolewa mjini akiwa msichana, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia uwanjani. Aliujua mpira kama mtu anavyoijua mvua ya nchi nyingine. Kwa hiyo katibu alipoondoka alinigeukia mimi. Nami nilikuwa sijui zaidi yake. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nina cherehani na wateja wangu wa Rahaleo, na mume niliyeachana naye alikuwa ameniachia chuki ya mpira, maana kila timu yake ilipofungwa, ndani hapakukalika.

Wakaja mwezi wa nane, kwenye basi lenye picha ya mchezaji anayeruka ubavuni. Vijana warefu, mabegi makubwa, harufu ya dawa ya kuchua misuli. Siku ya kwanza walipanga mstari mpaka uani kumwamkia mama. "Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi," mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia kila mmoja marahaba yake mpaka sauti ikamkauka. Baadaye akaniambia, "Yule aliyevaa nguo ya rangi yake peke yake, wamemtenga kwa nini?"

Alikuwa kipa. Kijana wa Kigoma, mwembamba kuliko nilivyodhani makipa walivyo, mwenye viganja vikubwa kama nyungo za kupepetea. Yeye na nahodha ndio tuliowajua mapema. Nahodha alikuwa mtu wa kwetu, mtoto wa wavuvi wa Msimbati, huko karibu na mdomo wa Ruvuma. Alimwamkia mama kwa Kimakonde, na kuanzia hapo hakuwa mpangaji tena. Kila alipokwenda kwao kupumzika alirudi na samaki waliofungwa kwenye majani, akawaweka mlangoni kwetu.

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Walikuwa na mpishi, na gari la maji lilikuja kila wiki. Kocha alikuwa mgeni kutoka nje ya nchi, mwenye filimbi shingoni hata wakati wa kula. Kulipokucha aliipuliza, na ndani ya muda mfupi ungewaona wote wanakimbia kuelekea ufukweni, chini ya mivinje, wakirudi na mchanga mpaka kwenye nyusi. Mimi niliwatazama kutoka kwenye cherehani. Niligundua kwamba nachunguza vitu visivyonihusu: nani anakula na nani, nani anafua soksi za mwenzake, nani akifungwa anaoga muda mrefu.

Maana walianza kufungwa. Sikuelewa wanavyofungwa, niliona tu wanavyorudi. Wakishinda, basi lilipiga honi tangu barabara kuu. Wakishindwa, tulisikia mlango tu.

Msimu wa korosho ulipoanza ndipo mfadhili wao alipojitoa. Nasema mfadhili kama kwamba namjua. Nilisikia tu kwamba kulikuwa na mtu mkubwa aliyekuwa analipia mambo, na sasa halipii. Katika siku chache gari la maji halikuja. Mpishi akaondoka, kisha kocha. Nilimwona kocha asubuhi ile akipakia sanduku lake kwenye teksi. Alikuja uani, akamshika mama mikono yote miwili, akasema Kiswahili alichokuwa nacho: "Samahani sana, Mama." Filimbi bado ilikuwa shingoni.

Wakafuata wachezaji wa kigeni, kisha wale wenye majina. Kila aliyeondoka aliondoka na jezi yake. Pengine waliona ndiyo malipo pekee watakayopata. Nyumba ikabaki na vijana wasiofika ishirini, kocha msaidizi aliyekuwa mzee wa maneno machache, na katibu ambaye sasa simu zake zote mbili zilikuwa hazipatikani. Kodi yetu nayo ilisimama. Wajomba zangu walikuja kutoka Ziwani wakamwambia mama awatoe, aweke wapangaji wengine.

Mama akawasikiliza, akawapa chai. Walipokwisha kunywa akasema kwa lafudhi yake ya Kimakonde, "Nikiwatoa wanakwenda wapi? Huyu ntu wa Kigoma, Kigoma ni hapo?" Wajomba wakaondoka wananung'unika.

Tulianza kuwapikia bila kukaa kikao. Siku moja mama alisonga ugali wa muhogo mwingi kuliko sisi wawili tunavyoweza kula, akaniambia peleka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nahodha na kipa walikuja wenyewe jikoni, wakavua viatu, wakauliza waanzie wapi. Nahodha akapewa samaki. Kipa akapewa ming'oko ya kumenya, ile mizizi ya porini tunayoichemsha na kuila kwa ndimu na pilipili. Aliushika mmoja, akaugeuza geuza, akaunusa.

"Dada, hii inaliwa na watu?"

"Inaliwa na Wamakonde," nikamwambia.

"Basi leo mimi ni Mmakonde." Akala, akafumba macho, akasema inafanana na kitu anachokijua ila hawezi kukikumbuka. Jioni ile alikula mpaka mama akamwondolea sinia.

Lililotushangaza ni kwamba waliendelea na mazoezi. Kocha hakuwepo, filimbi haikuwepo, mshahara haukuwepo, na mechi nyingi walizocheza walifungwa. Lakini kila kulipokucha tulisikia miguu. Mama alikuwa amemaliza kuswali alfajiri, ameketi kwenye mkeka, anasikiliza. Asubuhi moja akanigeukia.

"Kama hawalipwi, anayewaamsha ni nani?"

Nikasema labda ni kocha msaidizi. Akakataa. Kocha msaidizi alikuwa analala upande wa barabarani, naye alijua kwa kumsikia kwamba huyo huamka wa mwisho. Labda nahodha, nikasema. Akaniambia nikamuulize.

Nikamuuliza nahodha nikiwa nampunguzia kaptula. Alifikiri, akasema, "Mimi huwa naamka nikiwakuta wenzangu nje, Dada. Nilidhani ni kocha." Nikamuuliza beki mmoja wa Newala, akasema ni nahodha. Mwingine akasema hajui, yeye husikia mpira unagonga ukuta, basi anajua wenzake wamekwishatoka, na hapendi kuwa wa mwisho. Kila mmoja aliamini kuna mwingine anayeamsha. Jambo hili likanikaa kichwani kama wimbo. Nikaazimia kuamka kabla yao.

Nilikaa kwenye kibaraza na kanga mabegani, taa nimezima. Adhana ilikuwa bado. Mlango wa nyumba kubwa ukafunguliwa, akatoka kipa na simu sikioni. Alizungumza Kiha cha kwao, kwa sauti ya chini, muda mrefu, akitembea kutoka kwenye tangi la maji mpaka kwenye mpapai na kurudi. Mara acheke, mara anyamaze kabisa, asikilize. Adhana ilipoanza akaaga, akaiangalia simu kidogo, akaitia mfukoni. Halafu akauchukua mpira uliokuwa chini ya ngazi, akaanza kuupiga ukutani na kuudaka. Pole pole, kama mtu anayepoteza wakati. Dirisha la kwanza likafunguliwa, kisha la pili, na baada ya muda vijana wakawa wanatoka wakifunga kamba za viatu.

Nilimsubiri arudi. Nikampa chai, nikamuuliza alikuwa anaongea na nani.

Akaona haya. "Mke wangu, Dada. Ni mjamzito. Bando la usiku ndilo nafuu, na linakatika asubuhi. Kwa hiyo naamka kulitumia kabla halijaisha."

"Na mpira?"

"Nikishaongea naye silali tena. Sasa nifanye nini, nitazame dari?"

"Unajua kwamba wewe ndiye unayewaamsha wenzako?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia nyumba ina mlango mwingine asioujua. Hakujua. Alidhani yeye ndiye anayepiga kelele wakati wenzake wamekwishaamka. Nilipomweleza mama alitikisa kichwa kwa muda, akasema, "Kumbe timu nzima inaamshwa na nke wa ntu, huko Kigoma." Akanitaka nisiwaambie wengine, wasije wakaacha. Nami sikuwaambia.

Nilimuuliza kipa pia kwa nini haendi kwa huyo mkewe. Alinieleza kwa subira, kama mtu aliyekwishajieleza mara nyingi. Akiondoka kabla ya msimu kwisha, atahesabiwa kuwa amevunja mkataba, hatapewa barua ya kumwachia, na bila barua hiyo hakuna timu nyingine ya kumchukua. Mkewe ndiye aliyemwambia avumilie. "Yeye ana moyo kuliko mimi," akasema. "Mimi najua kudaka tu."

Mimi nilipata kazi yangu katika mambo yao. Wachezaji wa timu ya vijana waliletwa kuziba nafasi, lakini jezi zilizobaki hazikuwa na namba zao. Nilifumua namba tatu nikaifanya nane kwa kuongeza kitambaa cha shati la zamani la baba, ambalo weupe wake haukuwa weupe wa ile tatu. Kwa mbali haikuonekana. Kwa karibu ilikuwa namba ya ajabu, nusu inang'aa, nusu imechoka. Kijana aliyeivaa aliipenda. Alisema hakuna mwingine katika ligi yote mwenye nane kama ile.

Mwezi wa tatu mvua zikiwa zinanyesha, walitakiwa kucheza Songea. Basi lilikuwa limekwishachukuliwa na wenye nalo. Walikuwa wameshindwa kufika kwenye mechi moja nyuma, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, na nahodha akatueleza kwamba wakikosa tena wanashushwa papo hapo, hata michezo iliyobaki haitachezwa. Alikuja kuyasema hayo jikoni kwetu, amesimama mlangoni, anakwangua magamba ya samaki asiyekuwa na magamba tena.

Mama akauliza, "Songea siku gani?"

"Jumamosi, Bibi."

Mama akanitazama, nami nikajua anachowaza, nikatamani asiwaze. Jumamosi ile ile mtoto wa mama mdogo alikuwa anaoa Songea. Familia ilikuwa imekodi basi zima kumfuata bibi harusi, liondoke Ijumaa alfajiri.

Mama mdogo alikuwa mtu wa kupanga. Alishaamua nani anakaa kiti gani, na nani wa kuketi karibu na sufuria. Tulipomfikia Rahaleo na habari hiyo, alimwacha mama amalize.

"Dada, hii ni harusi," akasema. "Si ligi."

"Harusi inataka watu. Hawa si watu?"

"Watu wangu nimewaweka wapi?"

"Wewe umeniambia mwenyewe upande wa baba yake hawaji, wamekasirika. Viti vyao vitakaliwa na mahamri?"

Hilo lilikuwa kweli na lilikuwa linamuuma. Kulikuwa na ugomvi wa zamani, na ndugu wa marehemu mumewe walikuwa wamekataa kusafiri. Mama mdogo alikuwa anaogopa kufika ugenini na wanawake watupu, hana wanaume wa kusimama nyuma ya bwana harusi. Nikamwona anaanza kuhesabu kichwani.

"Wana kanzu?" akauliza hatimaye.

Hawakuwa nazo. Nilikaa kwenye cherehani siku mbili, na majirani wakatoa za waume zao. Wachezaji wetu wana miguu mirefu; kanzu ziliwafika kwenye ugoko. Ijumaa alfajiri wakaingia kwenye basi la harusi, mipira kwenye neti juu ya mabegi ya nguo za bibi harusi, njumu zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa amri ya mama mdogo zisinuke. Mama akaingia pia. Alisema hawezi kuketi nyumbani huku watu wote wanakwenda.

Sijawahi kusafiri safari kama ile. Mpaka Masasi wanawake waliimba nyimbo za harusi, wachezaji wakawa wanyonge, wanatazama madirishani. Baada ya Masasi beki wa Newala akashindwa kujizuia, akaitikia wimbo kwa sauti ya juu iliyomtoka bila taarifa, na basi zima likacheka. Kutoka hapo hakukuwa na upande. Kocha msaidizi, yule mzee wa maneno machache, alifundishwa wimbo ambao wanaume hawaimbi, na aliuimba wote. Wanawake nao waliuliza maswali. Kona ni nini? Mwamuzi analipwa na nani? Kama kipa anaruhusiwa kushika, wengine wamekosea nini? Nahodha aliwajibu kwa kutumia viti vya basi, huyu beki, huyu mshambuliaji, mpaka mama mdogo akagundua kwamba yeye ndiye goli.

Tulisimama Tunduru kula. Kipa alikuwa amekosa mtandao tangu asubuhi, na alizunguka na simu juu kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Nikamwona amesimama ghafla, kisha akachuchumaa kando ya tairi. Nilidhani amepata msiba. Nikamwendea.

"Amejifungua," akasema. "Asubuhi hii. Mtoto wa kike. Wote wazima."

Mama alikuwa nyuma yangu. Hakumpa hata nafasi ya kufuta macho. Alipiga kigelegele kimoja, na basi lililojaa wanawake waliojiandaa kwa kazi hiyo likaitikia. Wauza karanga wa Tunduru wakakusanyika kutaka kujua bwana harusi ni yupi. Wakaonyeshwa kipa. Mwenye harusi halisi, mpwa wa mama, alisimama pembeni na soda yake, akicheka. Akasema mwacheni achukue pongezi za leo, mimi zangu ni kesho.

Ukweni Songea walipotuona tunashuka walishangaa. Mstari wa vijana wapana wa mabega, wote kanzu fupi, wote wanaamkia kwa adabu. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alimuuliza mama mdogo kama hawa wote ni ndugu wa bwana harusi. Mama mdogo akajibu bila kupepesa, "Ni wa nyumba ya dada yangu." Na huo haukuwa uongo. Ndoa ikafungwa Jumamosi asubuhi, wali ukaliwa, na wachezaji walikula kidogo huku wakiutazama kwa huzuni, maana kocha msaidizi alikuwa anawahesabia vijiko kwa macho.

Alasiri tulikwenda uwanjani na sare zetu za harusi. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuona mechi, na yangu pia kwa hiari. Nilikuwa nimedhani ningeona fujo. Nilichokiona ni watu ninaowajua wakifanya kazi wanayoijua. Nilimtambua kila mmoja kwa namna anavyotembea kwenda kuoga. Tulipiga makofi pasipostahili, na wenyeji wakatuonea huruma, wakaanza kutueleza.

Ningependa kusema kipa alidaka kila kitu siku ile kwa furaha ya mtoto wake. Haikuwa hivyo. Alifungwa goli ambalo hata mama aliliona linakuja, mpira wa polepole uliopita katikati ya miguu yake. Alisimama akiutazama wavuni. Halafu akacheka, na nahodha akamwendea akamshika kichwa. Kipindi cha pili nahodha akasawazisha kwa kichwa kutoka kwenye kona, na mama mdogo, aliyekuwa goli la basi, akaniambia kwa utulivu kwamba yule beki alipaswa kusimama karibu zaidi na nguzo. Ikaisha sare. Tulirudi Mtwara Jumapili na bibi harusi katikati yetu, analia kidogo kwa kuwaacha wazazi wake, na kipa akimwonyesha picha ya mtoto kwenye simu ili anyamaze.

Pointi ile haikutosha. Wiki zilizofuata walifungwa tena na tena, ingawa sasa mama alitaka apelekwe kila mechi ya nyumbani. Nilimnunulia mto wa kukalia. Watu wa jukwaani walimzoea, wakamwachia nafasi penye kivuli.

Ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano. Walitakiwa washinde, na timu nyingine iliyokuwa juu yao ifungwe huko ilikokuwa inacheza. Uwanja ulijaa kuliko msimu wote. Mwanamume aliyekaa mbele yetu alikuwa na redio ndogo sikioni, na kila alipokunja uso watu waliomzunguka walikunja uso. Wetu walicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona. Yule kijana mwenye nane ya vitambaa viwili alifunga, na baadaye nahodha akaongeza. Dakika za mwisho mwenye redio aliitoa sikioni, akaizima, akaiweka mfukoni. Ukimya ukaenea jukwaani kama maji yanayopanda kwenye mchanga, na filimbi ya mwisho ikalia katika ukimya huo.

Wachezaji wakaanguka chini, mmoja huku, mwingine kule.

"Wameshinda," mama akasema. "Mbona wanalia?"

Nikamweleza kwamba ile nyingine nayo imeshinda, huko mbali.

"Kwa hiyo waliofanya kosa hawapo hapa."

Mwenye redio aligeuka akamtazama mama, akasema, "Hata sisi tunalitafuta kosa lilipo, Bibi," akaondoka.

Katibu alijitokeza wiki ile. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kibaraza changu, hana simu hata moja mezani, na mama akamwacha aseme. Alisema alikuwa anajificha Masasi kwa dada yake, kwamba alikopa huku na huku kwa jina lake mwenyewe wakati mfadhili alipoondoka, akitegemea atapatikana mwingine, na hakupatikana. Aliogopa kuwatazama vijana usoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilimuuliza tu kwa nini asingewaambia ukweli mapema, waamue wenyewe.

"Ningewaambia, wangeondoka," akasema. "Na timu ingekufa."

Nahodha alikuwa amesimama karibu na tangi la maji. "Tulijua, Katibu," akasema. "Tulijua tangu korosho. Tulikaa wenyewe."

Katibu aliinamisha kichwa. Barua za kuwaachia alikuwa amekuja nazo, zimepigwa muhuri, na alimkabidhi kila mmoja yake mkononi. Nadhani hilo lilimgharimu zaidi kuliko mengine yote.

Kipa aliondoka wa kwanza. Wavuvi wa kwa kina nahodha walimchangia nauli, na mama akamfungia korosho za kumpelekea mkewe, akimweleza zinavyokaangwa kana kwamba Kigoma hawana moto. Alituaga kwa kutushika mikono kwa viganja vyake vyote viwili. Sasa anadakia timu ya daraja la chini huko huko kwao, na mwanawe tumemwona kwenye simu akianza kutembea.

Nyumba kubwa inakaliwa na familia ya mtu wa bandarini, watu wazuri, wanaolipa. Timu ipo bado, daraja la chini, na vijana wengi wa hapa hapa. Nahodha anacheza na kufundisha kwa wakati mmoja. Hawana kambi, kila mmoja hutoka kwao. Mechi yao ya kwanza ya msimu uliofuata watu walikuwa wachache mno, ungeweza kusikia wachezaji wakiitana. Mama mdogo alikuja na mkwe wake wa Songea, ambaye sasa alikuwa mjamzito na alitaka kula matunda ya mabungo tu. Tulikaa wanne kwenye saruji ya moto. Wapinzani walitangulia kufunga.

Mama alimwinamia bibi harusi wetu na kumnong'oneza, akimwonyesha kwa kidole, kuanzia nyuma kwenda mbele, nani ni nani na kila mmoja amesimama pale kufanya nini.